Inhela ya bluu haimalizi mwezi, ya kahawia mama kaikataa. Hii ni pumu kweli au kitu kingine?

#1 MtotoWaManchali
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Bi mkubwa ana miaka 63, yuko kijijini Manchali, mimi naishi Nkuhungu. Tangu mwaka juzi kifua kinambana. Saa tisa usiku anaamka, anakaa kitandani miguu chini, mikono juu ya magoti, na ukisogea karibu unasikia filimbi. Kituo cha afya walisema ni pumu, wakamwandikia inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya bluu anaipenda kuliko sisi wanawe, analala nayo chini ya mto pamoja na tochi. Ya kahawia kaikataa. Anasema "hii ni hewa tupu", na isitoshe inamtia vidonda mdomoni. Ya bluu sasa anamaliza mbili kwa mwezi.

Kinachonisumbua ni kwamba ukoo wetu hauna pumu. Kuna mtu anaanza pumu uzeeni? Na ni kweli inhela inazoesha, kwamba ukiianza huiachi tena? Jirani yake kamwambia aitupe kabla haijamteka. Wajuzi karibuni. Wenye kejeli nao karibuni, maana mtakuja tu.

#2 Kejeli Makole
Tumefika. Kiti changu nakiweka hapa mbele.

#3 Upepo wa Kizota
Mkuu, hilo ni vumbi, usijisumbue. Dodoma hii kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo unavuma kama una deni na mtu. Mimi nimehamia hapa 2018 kutoka Tanga, sikuwahi kukohoa maishani. Mwaka wa pili tu nikaanza kupiga miluzi kifuani. Barabara zinachimbwa, majengo yanapanda, malori ya kokoto hayajafunikwa. Mtoe mama umpeleke Tanga miezi mitatu uone.

#4 Tiba Asilia Bora
Habat soda, asali na tangawizi, kijiko asubuhi na jioni, siku 21 pumu inatoka na mizizi yake. Ninayo tayari imechanganywa, njoo inbox.

#5 Kejeli Makole
@Tiba Asilia Bora wiki iliyopita mchanganyiko huo huo ulikuwa unatibu kitambi. Chupa ile ile au umebadilisha lebo?

#6 Sista wa Zamani
Pole mwanangu. Nimestaafu unesi, miaka 31 wodini, mingi ikiwa zamu za usiku, na usiku ndio saa za pumu.

Bluu na kahawia si dawa moja yenye rangi mbili. Bluu ni salbutamoli. Inalegeza misuli inayozunguka mirija ya hewa, dakika tano mtu anahema, baada ya saa nne hadi sita imekwisha. Kahawia, kama ni beklometasoni, ni steroidi. Haifungui kitu leo. Inatuliza uvimbe wa ndani ya mirija, na inataka siku kadhaa, pengine wiki, asubuhi na jioni bila kuruka, mtu awe mzima au hoi. Ndiyo maana mama anaiona hewa tupu. Nyumba ikiungua anapendwa anayekuja na ndoo ya maji, fundi aliyekuja kubadilisha waya za umeme hakuna anayemkaribisha chai.

Hivyo anavyoviita vidonda, naamini ni utando mweupe, yaani fangasi. Unaletwa na dawa kubaki mdomoni. Akishavuta asukutue maji mpaka kooni, ateme. Asimeze. Akipiga mswaki baada ya dawa ni vizuri zaidi, basi dawa ikae pale pale kwenye kopo la mswaki.

Inhela haizoeshi. Ugonjwa wa ndani unazidi huku bluu inauficha, mgonjwa anabonyeza zaidi, watu wanasema kazoea. Na ndiyo, pumu inaweza kuanza uzeeni. Ila mtu wa miaka 63 ambaye hakuwahi kubanwa utotoni, mimi nesi wake ningetaka apimwe zaidi kabla ya kubandikwa jina hilo.

#7 Dirisha la Dawa
Shikamoo Sista. Nakubaliana na wewe, ila kwenye kuzoesha nikurekebishe kidogo kwa heshima. Si uraibu kama wa sigara, hapo uko sahihi. Lakini bluu ikitumika kila siku mara nyingi, mwili unaanza kuipokea kwa unyonge, na mirija inazidi kuwa na hasira. Kwa hiyo jirani hakukosea kila kitu. Kakosea tiba, maana jibu ni kuirudisha ya kahawia. Kuitupa bluu ghafla kunaweza kuua mtu usiku.

Mleta uzi, fanya hesabu na mimi. Kopo moja la salbutamoli lina mipulizo 200. Makopo mawili kwa mwezi ni mipulizo kama 13 kwa siku. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, tangu 2019 haushauri tena mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Na unasema makopo matatu kwa mwaka tayari ni dalili ya hatari ya kubanwa vibaya, kumi na mawili kwa mwaka hatari ya kifo inapanda. Mama yuko kwenye 24. Sikutishi, nakupa namba.

#8 Upepo wa Kizota
24!! Duh. Mimi natumia mbili kwa mwaka nikajiona mgonjwa.

#9 Fundi Majiko
Vumbi linalaumiwa bure kwa sababu linaonekana. Swali langu kwa mleta uzi: mama anapikia nini, na wapi?

Natengeneza majiko banifu, nimeingia majiko mengi ya vijijini Chamwino, Bahi, Mpwapwa. Kwenye tembe la zamani moto uko ndani, dari ni udongo, dirisha ukubwa wa kitabu. Ukiingia asubuhi mwanga unasimama kwenye moshi kama nguzo. Mama wa miaka 63 ameinamia mafiga tangu ana miaka minane. Ugali wa uwele si wa dakika tano, na mlenda nao una muda wake. Hiyo ni zaidi ya nusu karne ya kuvuta sigara bila kununua hata pakiti moja. Ugonjwa unaotoka hapo madaktari wanauita COPD, mapafu yanaziba pole pole na hayarudi kama zamani. Sio pumu, ila filimbi yake ni ile ile.

#10 Kejeli Makole
Fundi Majiko kaja kuuza majiko.

#11 Fundi Majiko
@Kejeli Makole nauza, sijakataa. Na serikali nayo inauza basi, maana mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Mama wa Manchali atasubiri mpaka lini?

#12 Nala Darajani
Hajawahi kuugua TB? Baba yangu alipona TB, cheti cha kumaliza dozi tunacho mpaka leo, ila mapafu yalibaki na makovu. Kila kipupwe anabanwa, kila mara zahanati wanaandika pumu. Siku tulipopiga picha ya kifua ndipo daktari akatuonyesha pafu la kulia juu limejikunja kama karatasi iliyokunjwa mkononi. Cha kwanza makohozi yapimwe kwa GeneXpert kuona kama TB haijarudi, halafu ndiyo mbishane kuhusu rangi za inhela.

#13 MtotoWaManchali
Asanteni sana, sikutegemea. Nijibu kwa mkupuo.

TB ndiyo, 2011, nikiwa kidato cha pili. Alimeza dawa miezi sita, akaambiwa kapona. Jiko ni la nje kiangazi, mvua ikianza anahamia ndani. Kuni. Sigara hajawahi kuvuta, ugoro aliacha.

Jumamosi nilienda nyumbani, nikamwambia anionyeshe anavyotumia inhela, nikamrekodi kwa simu. Wakuu, nimeitazama ile video mara nne. Hatikisi kopo. Anaiweka nje ya midomo kama mtu anayejipulizia marashi, anabonyeza mara tatu mfululizo, halafu ndiyo anavuta. Ukungu wote unatokea puani na pembeni mwa mdomo kama mvuta kiko. Nikamuuliza nani alikufundisha hivyo, akasema "nimeona mwenyewe, nani wa kunifundisha?" Dirishani walimpa boksi wakamwita mtu mwingine.

#14 Dirisha la Dawa
Naomba radhi kwa niaba ya madirisha yote. Foleni ikiwa ndefu tunasema "mara mbili kwa siku" basi. Tunakosea.

#15 Sista wa Zamani
Ukungu ukiuona, dawa imepotea. Iliyoingia kifuani haionekani.

Mfundishe hivi, ukiwa umekaa mbele yake naye anakutazama. Atikise kopo. Atoe pumzi nje taratibu mpaka iishe. Midomo ifunge kabisa kwenye inhela, meno yasizibe njia. Aanze kuvuta pole pole, ndipo abonyeze mara moja, aendelee kuvuta, halafu abane pumzi mpaka ahesabu kumi. Nusu dakika, ndipo mpulizo wa pili. Wazee wengi mkono na pumzi havipatani, anabonyeza kabla au baada. Msimcheke. Mtengenezee chupa.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa, maana plastiki iliyosuguliwa ina umeme unaonasa dawa ukutani. Pasha waya moto, toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, ibane iingie kwa nguvu, ziba pembeni kwa gundi au plasta. Mgonjwa anashika mdomo wa chupa kwa midomo yake. Mpulizo mmoja, avute na kutoa pumzi kawaida mara tano sita bila kuachia, halafu mwingine. Tulikuwa tunatumia wodini kwa watoto, wakubwa wanaona aibu tu.

#16 Kejeli Makole
Sista na mimi nakuamkia. Ila chupa ya maji kweli? Hii si ndiyo yale ya kuchaji simu kwa limau?

#17 Dirisha la Dawa
@Kejeli Makole ilipimwa. Afrika Kusini waliwapima watoto waliobanwa, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet 1999. Chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Kilichoshindwa ni kikombe.

#18 Mama Wawili
Nithibitishe kwa mwanangu wa pili. Tulikuwa tunakimbizana na nebulaiza, ile mashine ya kuvutishia dawa kama mvuke, kila wiki, saa sita usiku bodaboda kutoka Ilazo, mtoto kafungwa mgongoni, nahesabu mbavu zake kwa vidole kupitia khanga maana zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta hewa. Tulipojua chupa, miezi saba sasa sijapanda boda ya usiku. Yeye anaiita "tarumbeta". Akibanwa ananiletea mwenyewe.

Ila jamani yale matatizo ya shuleni. Mwalimu kamnyang'anya inhela akasema ni dawa za kulevya. Shule siitaji.

#19 Upepo wa Kizota
Mimi dozi yangu naijuaje kama imebaki? Huwa naitumbukiza kopo kwenye maji, ikielea imeisha.

#20 Dirisha la Dawa
Acha kabisa. Kuelea hakuonyeshi kitu, na maji yanaingia kwenye tundu. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu kwenye kopo, uhesabu. Gesi ya kusukumia inabaki hata dawa ikiisha, ndiyo maana bado inalia "fsss" ukadhani ipo.

#21 Mzee wa Kongwa
Vijana mnasema vumbi la Dodoma limekuja na makao makuu. Vumbi lilikuwepo. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa sababu Kondoa ilikuwa inaondoka na maji na upepo, na 1979 ng'ombe wote walitolewa kwenye eneo lililoharibika. Huku kwetu Kongwa Mwingereza alifyeka pori kuanzia 1947 kupanda karanga, karanga hazikuota vya kutosha, akaondoka akatuachia uwazi wa upepo. Babu zetu walikuwa wanakula vumbi na hawakuwa na filimbi kifuani. Kwa hiyo vumbi peke yake sikubali.

#22 Upepo wa Kizota
Mzee shikamoo. Babu zetu walipobanwa nani aliandika? Walisema karogwa, wakazika.

#23 Mzee wa Kongwa
Marahaba. Hapo umenipiga.

#24 Zabibu Kavu
Nami niweke langu. Kama kuna mashamba ya zabibu karibu, msimu wa kupiga sulfuri kuzuia ubwiri unga mimi mwenyewe macho yanawasha na kifua kinakaza, na sina pumu. Huku Mpunguzi tunaipiga ya unga, upepo unaipeleka hadi jikoni kwa mtu. Niliyekuwa namwajiri kupiga ilibidi aache, alikuwa anakaa chini ya mwembe anatweta kama jogoo aliyekimbizwa. Sasa ninafunga kitambaa na kupiga alfajiri kabla ya upepo. Mleta uzi aulize majirani wanapiga nini.

#25 MtotoWaManchali
Zabibu zipo, ila mbali kidogo na kwetu. Nitauliza.

Swali jingine. Juzi alibanwa sana, wakamlaza usiku mmoja, wakamwekea oksijeni. Kijana aliyekuwa zamu akaipunguza, mdogo wangu akagombana naye akidhani anambania mama hewa. Nani alikuwa sahihi?

#26 Sista wa Zamani
Yule kijana. Nikusimulie ili mdogo wako aelewe.

Miaka ile, hospitali sitaitaja, tulikuwa na mzee wa COPD kitanda cha dirishani. Ndugu zake wakaona anahema kwa shida, wakafungua mtungi mpaka mwisho sisi tukiwa kwa mgonjwa mwingine. Tuliporudi mzee alikuwa mwekundu, mtulivu, amelala fofofo. Ndugu wanashukuru Mungu, "amepumzika". Nikamtikisa haamki vizuri, anajibu kama mlevi. Mapafu yaliyoziba muda mrefu ukiyapa oksijeni nyingi, hewa chafu inajikusanya kwenye damu na kumlewesha mtu. Kwa wagonjwa wa aina hiyo tunalenga kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisome asilimia 88 hadi 92, si 100. Pumu ya kawaida kwa mtu mzima 93 hadi 95 inatosha. Tukamshusha, tukamkalisha wima na mito miwili mezani mbele yake aegemee, tukakaa naye. Alfajiri akaniomba uji. Nilimpa mwenyewe kijiko kwa kijiko.

Na kinyume chake mjue pia. Mtu aliyekuwa anapiga filimbi, ghafla kifua kikanyamaza huku bado anahangaika, hajapona. Hewa haiingii hata ya kupigia filimbi. Hiyo, au midomo kuwa ya bluu, au kushindwa kumaliza sentensi, ni kukimbia hospitali. Njiani mpe ya bluu kwa chupa, mipulizo minne hadi kumi, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20. Asilazwe chali. Zamani tulikuwa tunawachoma aminofilini, dawa ya kufungua mirija, na ukiisukuma haraka moyo unaweza kusimama mbele yako. Nimeona mara moja, ilinitosha.

#27 Dirisha la Dawa
Mleta uzi, kuna kitu tumekiruka wote, na mimi ndiye nilipaswa kuuliza kwanza. Mama anatumia dawa gani nyingine? Zote. Za presha, za magoti, za dukani, za jirani. Mwambie azimwage zote kwenye kitenge, piga picha.

#28 MtotoWaManchali
Mdogo wangu kapiga picha. Amlodipini ya presha. Diklofenaki ya magoti, ananunua duka la dawa akiumwa. Panadol. Inhela mbili. Vidonge vya aminofilini alivyopewa zamani. Chupa ya mwarobaini. Na matone ya macho, aliambiwa ana presha ya macho, kwenye boksi imeandikwa Timolol 0.5%. Hayo najua hayahusiani.

#29 Dirisha la Dawa
Yanahusiana! Hayo ndiyo nilikuwa nayatafuta.

Timololi iko ukoo mmoja na propranololi, ile dawa ya presha na moyo. Inapunguza presha ya jicho, lakini inafunga kile kile ambacho salbutamoli inafungua. Tone haliishii jichoni, linashuka kwenye kijitundu cha kona ya jicho hadi puani, kule linaingia kwenye damu moja kwa moja. Kwa mwenye pumu au COPD tone moja linaweza kubana kifua. Yaani mama usiku anajifunga kwa tone, halafu anajifungua kwa kopo. Na hakuna anayekosa: daktari wa macho anauliza macho, wa kifua anauliza kifua, na mgonjwa akiulizwa unatumia dawa gani anasema vidonge, matone haoni kama ni dawa.

Diklofenaki nayo tuitazame. Wapo wenye pumu ambao aspirini na jamii yake inawabana ndani ya saa moja au mbili. Si wote.

#30 Kejeli Makole
Kiti changu nimekisogeza mbele zaidi. Uzi umekuwa wa upelelezi.

#31 Nala Darajani
Taratibu. Matone alianza lini na kubanwa kulianza lini? Bila hilo ni kubahatisha.

#32 MtotoWaManchali
Mimi nakumbuka alianza kukohoa na kubanwa masika ya mwaka juzi, matone akapewa Agosti. Mdogo wangu anabisha, anasema matone yalitangulia, kwamba alienda kliniki ya macho kabla ya msiba wa shangazi, na msiba ulikuwa Machi. Mama mwenyewe anasema "vyote vilikuja pamoja, uzee ulikuja na mzigo wake."

#33 Fundi Majiko
Masika! Mvua, jiko likahamia ndani. Nimesema mimi.

#34 Sista wa Zamani
Kabla hamjagawana ushindi: ASIACHE MATONE MWENYEWE. Presha ya macho haiumi, inaiba jicho kimya kimya na likienda halirudi. Arudi kliniki ya macho aseme "nina pumu", wana aina nyingine zisizobana kifua. Mpaka siku hiyo, akishaweka tone afumbe jicho na abonyeze kona ya ndani, pale karibu na pua, kwa dakika mbili. Kidogo sana kitashuka. Diklofenaki aiache kwanza, Panadol inatosha magotini.

#35 Dokta Mtarajiwa UDOM
Niko mwaka wa nne, msinipige mawe. Hakuna aliyetaja moyo. Kuamka saa tisa usiku, kukaa kitandani miguu chini, ana presha, miaka 63. Zamani waliita "pumu ya moyo". Miguu inavimba? Analalia mito mingapi? Na wote mnabishana pumu au COPD bila kipimo cha kupuliza, spiromita, kabla na baada ya salbutamoli. Pumu kwa kawaida inafunguka, COPD inabaki imeziba. Watu wengine wana vyote viwili na wanaharibu ubishi wote.

#36 MtotoWaManchali
Haivimbi. Mto mmoja. Ila moyo nao tutauliza, asante daktari.

#37 Kejeli Makole
Hesabu mpaka sasa: vumbi, moshi, TB, sulfuri, matone, diklofenaki, moyo. Bado jini tu.

#38 Mama Wawili
Usimwite, atakuja na akaunti yake.

#39 MtotoWaManchali
Wakuu, samahani kwa kupotea wiki sita. Mrejesho.

Makohozi GeneXpert safi, hakuna TB. Picha ya kifua ina makovu juu kulia, "ya zamani" walisema. Moyo wameupima, uko sawa kwa umri. Spiromita tumepangiwa mwezi ujao. Kliniki ya macho walimbadilishia matone siku hiyo hiyo, na daktari alikasirika, sijui alimkasirikia nani. Kahawia anaivuta kwa chupa asubuhi na jioni na anasukutua, utando umeisha. Jiko tulilitoa nje tukaliezekea bati lile lile juma moja. Na mvua zimeanza, vumbi limelala.

Ya bluu niliyoiandikia kwa kalamu kuwa imefunguliwa tarehe 3, leo wiki ya tano, bado inapiga. Anaamka usiku mara moja kwa wiki, si kila siku.

#40 Dirisha la Dawa
Matone.

#41 Fundi Majiko
Jiko. Bati lina bomba la moshi? Nije nipime.

#42 Upepo wa Kizota
Mvua imelaza vumbi mnajisifia nyie. Tukutane Julai.

#43 Sista wa Zamani
Kahawia, ikivutwa vizuri. Lakini sibishani. Hiyo spiromita msiikose hata akijisikia mzima, na asubuhi ya kipimo waulizeni kama asitumie bluu kwanza.

#44 Nala Darajani
Mmebadilisha vitu vitano kwa wiki moja, hamtajua milele kipi. Makovu yapo pale pale.

#45 Tiba Asilia Bora
Na ile habat soda aliyotumia je? Mdogo wako alichukua chupa mbili kwangu, mbona huitaji?

#46 MtotoWaManchali
Ni kweli alichukua. Mama hakuinywa hata kijiko. Alimpa yule jirani.